Watoto wawili wadogo ugenini, baridi inaanza, ndugu wa karibu hatuna: nianzie wapi?

mama_wa_wawili

Wakuu, habari za leo. Tupo ugenini na watoto wawili. Mkubwa ana miaka mitatu, kilo 14. Mdogo ana miezi saba, kilo 8, bado ananyonya. Baba yao anafanya kazi za zamu, kwa hiyo usiku mwingi nabaki nao peke yangu, na hapa hakuna shangazi wala bibi wa kumwita. Naomba majibu ya vitendo tafadhali. "Utazoea tu" nimeshaambiwa vya kutosha.

Kwanza, dawa ya homa. Chupa ya paracetamol niliyokuja nayo imeandikwa 120 mg kwa 5 ml. Ya duka la dawa la huku imeandikwa 250 mg kwa 5 ml. Naendelea kuwapimia kiasi kile kile?

Pili, mavazi. Mkubwa analowa jasho ndani ya jaketi, tukifika nje dakika kumi tu anatetemeka. Na kwenye kiti chake cha gari mikanda haifiki akiwa amelivaa, inabidi niilegeze.

Tatu, chanjo. Mkubwa alichomwa ya surua akiwa na miezi tisa. Kliniki ya huku wanasema hiyo hawaihesabu, arudie. Kuna ubaya?

Nne, chekechea hafungui mdomo, wakati nyumbani anaongea kama redio. Mwalimu kashauri tuache Kiswahili nyumbani ili ashike lugha ya huku.

Tano, mmoja akizidiwa usiku nikiwa peke yangu, huyu mwingine namwacha na nani?

---

nesi_zamu_ya_usiku

Dada, naanza na dawa maana hapo ndipo penye hatari ya leo leo. Usipime kwa mazoea. Dawa ni ile ile, ila ya huku ina nguvu mara mbili na zaidi: chupa yako ya zamani ina mg 24 katika kila ml 1, hii mpya ina mg 50. Ukimpa mkubwa kiasi cha zamani kutoka chupa mpya, umempa dozi mbili kwa mkupuo mmoja. Paracetamol ikizidi inaumiza ini kimya kimya, na mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa siku ya kwanza. Ndiyo maana aliyezidishiwa hapelekwi hospitali "akionyesha dalili". Anapelekwa pale pale inapogundulika, na chupa mkononi.

Hesabu inakwenda kwa uzito: mg 10 hadi 15 kwa kila kilo, dozi hadi dozi zipishane saa 4 hadi 6, na zisizidi 4 ndani ya saa 24. Kwa kiwango cha juu cha 15, wako wanakuwa hivi:

Mkubwa, kilo 14 × 15 = mg 210. Chupa ya 120/5 ni ml 8.75. Chupa ya 250/5 ni ml 4.2.
Mdogo, kilo 8 × 15 = mg 120. Chupa ya 120/5 ni ml 5. Chupa ya 250/5 ni ml 2.4.

Kuna nchi zinazouza ya 160/5 pia, kwa hiyo mkihama tena usidhani hizi mbili ndizo zote. Maelekezo ya kwenye boksi mara nyingi hupangwa kwa umri na huja chini kidogo ya hesabu hii. Ukiyafuata hayo hujakosea.

Ushauri wangu ni kubaki na chupa ya aina moja tu ndani ya nyumba. Zikikaa mbili kwenye kabati moja, saa nane za usiku mtoto analia utashika isiyo yenyewe. Iliyobaki bandika utepe, andika kwa kalamu nene ml za kila mtoto, na kila akiongezeka kilo moja utepe ubadilishwe. Pimia kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lile la duka la dawa. Vijiko vya jikoni havilingani, kimoja kinabeba ml 3, kingine 7. Bomba lielekeze ndani ya shavu. Ukirusha moja kwa moja kooni atapaliwa. Na kila dozi iandikwe saa yake kwenye karatasi ya mlangoni, kwa sababu baba akirudi zamu alfajiri naye atataka kumpa.

Mitego miwili. Dawa nyingi za mafua za kuchanganya zina paracetamol ndani yake, hivyo soma viungo kabla hujamwongezea ya pili. Aspirini usimpe mtoto kabisa.

Homa yenyewe isikutishe kuliko hali ya mtoto. Mwenye nyuzi 39 anayecheza na kunywa ana nafuu kuliko mwenye 38.2 aliyelegea. Mnakwenda hospitali bila kusubiri asubuhi kama anapumua kwa kasi na ngozi inabonyea katikati ya mbavu, haamki vizuri, ametapika hata maji hayakai, hajakojoa kwa nusu siku, amepata degedege, au ana upele usiofifia ukiubonyeza kwa glasi ya kioo. Kwa ngozi nyeusi upele huo unajificha. Utafute viganjani, kwenye nyayo, ndani ya kope la chini na kwenye kaakaa. Vivyo hivyo mtoto akikosa hewa: usitegemee kuona "bluu" usoni, angalia ulimi, ufizi na ndani ya midomo, ambako hugeuka rangi ya majivu. (Kichanga wa chini ya miezi mitatu mwenye 38 na kuendelea anakwenda papo hapo hata kama anatabasamu. Wako wamevuka hapo, naandika kwa ajili ya wanaosoma.)

Jambo ambalo watu wa mapokezi hawatakuuliza: kama mmetoka eneo lenye malaria ndani ya mwaka uliopita, sentensi ya kwanza iwe hiyo. "Ana homa, na tumetoka eneo lenye malaria tarehe fulani." Usiposema, homa ya mtoto wakati wa baridi itaitwa mafua, na malaria kali haingoji. Na mkienda kusalimia nyumbani, watoto waliokulia nje wanahitaji dawa ya kinga na chandarua kama mgeni yeyote. Kinga hairithiwi kwa kuwa wazazi wamekulia huko.

Chanjo: kliniki ya huku haijakosea, na ya nyumbani haikukosea pia. Surua inakozunguka sana, mtoto hukingwa mapema kwenye miezi tisa. Shida ni kwamba katika umri huo kinga aliyoachiwa na mama inaweza kuizima chanjo kwa baadhi ya watoto, ndiyo maana nchi zenye surua kidogo zinahesabu kuanzia miezi 12. Kurudia hakuna madhara. Mwache achomwe.

Kadi yake ipige picha pande zote mbili, kisha uinakili upya kwenye karatasi safi kabla ya miadi. Tarehe ziandikwe kwa jina la mwezi, maana 03/04 nchi moja ni Aprili na nyingine ni Machi, na kosa hilo linafuta dozi nzima. Palipoandikwa "Penta" taja vilivyomo: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na Hib. Onyesha pia kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Kipimo cha kifua kikuu cha kuchoma ngozini kinaweza kuvimba kwa ajili ya BCG tu, na kama watataka uhakika, kipo kipimo cha damu ambacho BCG haikivurugi.

La mwisho, na naomba ulifanye kwenye miadi hiyo hiyo. Kama mdogo ana mabaka ya bluu-kijivu ya kuzaliwa mgongoni, matakoni au begani, omba yaandikwe kwenye faili lake na ukubwa wake. Ni ya kawaida kwa watoto wetu na hufifia yenyewe, lakini mtu asiyeyajua anaona alama ya kipigo. Yakiwa yameshaandikwa, mlezi wa chekechea akiuliza unamwonyesha karatasi na maneno yanaishia hapo.

---

fundi_viti

Naingilia la kiti kwanza: usilegeze mikanda tena, hata kwa safari ya dakika tano.

Jaketi nene limejaa hewa. Gari likigonga, hewa yote inatoka kwa kishindo kimoja, jaketi linakuwa jembamba kama shati, na mkanda uliokuwa umebana sasa una nafasi ya mtoto kuchomoka. Jaribu mwenyewe gari likiwa limesimama. Mfunge na jaketi, kaza mikanda ikae sawa, mtoe bila kugusa marekebisho, mvue, mrudishe na umfunge tena. Ile nafasi utakayoiona kati ya mkanda na kifua ndiyo nafasi aliyokuwa nayo muda wote.

Njia ni hii. Gari lipashwe moto kidogo kama inawezekana. Mtoto akae na sweta jepesi, mikanda ikazwe mpaka ukijaribu kuufinya mkanda kwa vidole viwili hapo begani usipate mkunjo wa kushika. Halafu jaketi livalishwe kinyumenyume juu ya mikanda, mikono ikipita mbele, au blanketi. Akisikia joto analisukuma mwenyewe.

Angalia na matundu ya mikanda mgongoni. Anayetazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Anayetazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Wengi hawagusi matundu tangu siku walipofungua boksi, na mtoto amekua sentimita kumi. Mdogo wako atazame nyuma, na asikae kiti cha mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, maana ukifumuka unapiga mgongo wa kiti chake. Mkubwa wa kilo 14 naye anaweza bado kutazama nyuma kama kiti chenu kinaruhusu uzito huo, soma kibandiko cha ubavuni. Miguu kukunjana si tatizo. Shingo yake ndiyo inayolindwa.

Kama kiti mlikuja nacho kutoka nje, tazama alama ya viwango. Ulaya wanatambua R129 na ile ya zamani R44, Marekani ni FMVSS 213, na cha upande mmoja hakikubaliki kisheria upande wa pili hata kiwe kipya. Cha mtumba usichojua kama kimewahi kuwa kwenye ajali, kiache.

Sasa jasho. Mtuhumiwa ni fulana ya pamba. Pamba inanyonya jasho na kubaki nalo, mkisimama kituoni mtoto anakuwa amevaa kitambaa kibichi. Ya ndani kabisa iwe sufu nyembamba au kitambaa cha michezo kinachokauka haraka, na imguse mwili. Katikati sweta la sufu au lile la manyoya mafupi. Juu koti au ovaroli isiyopitisha upepo na maji. Ikizidi baridi ongeza ya katikati, usiongeze koti la pili. Kipimo cha joto ni kisogoni chini ya kola: pakiwa pakavu na vuguvugu yuko sawa, pakiwa na unyevu punguza moja. Viganja vya baridi havikuambii kitu kwa mtoto mdogo.

Miguu inaganda kwa sababu ya buti za kubana mara nyingi kuliko uchache wa soksi. Acha nafasi ya sentimita moja hivi mbele ya dole gumba akiwa amevaa soksi ya sufu. Ukijaza soksi tatu damu haipiti. Glavu za mfuko, zisizo na vidole, zivaliwe kabla ya koti ili mkono wa koti uzifunike. Skafu ndefu achana nayo, inanasa kwenye bembea na mteremko. Ile ya duara ya kuvuta shingoni inatosha.

Mpangilio wa kutoka nao ni huu: vaa wewe kila kitu isipokuwa koti, halafu mkubwa, mdogo wa mwisho. Ukianza na mdogo atakuwa amelowa na kupiga kelele kabla hujapata kiatu cha pili cha mkubwa. Mkiingia dukani au kwenye basi mfungue zipu na umvue kofia mara moja, hata akiwa amelala.

Kigari cha mtoto usikifunike chote kwa blanketi, humo ndani joto linapanda na hewa haizunguki. Ukimbeba mdogo kifuani ndani ya koti lako, hesabu mwili wako na koti kama nguo zake mbili. Uso uonekane, kidevu kisilale kifuani.

---

mzee_kipara

Wadau mimi naona mwalimu asipingwe. Mtoto wa miaka mitatu mkimpa lugha mbili mnamchanganya, atachelewa zote. Wapeni ya shule kwanza, Kiswahili atajifunza akienda likizo.

---

mwl_matamshi

Mzee wangu, shikamoo, ila hapo sikubaliani na wewe, na mwalimu naye amepotoka kwa nia njema.

Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea. Kinachotudanganya ni namna ya kuhesabu. Mtoto mwenye maneno 60 ya Kiswahili na 40 ya lugha ya shule ana maneno 100. Akipimwa kwa lugha moja ataonekana yuko nyuma, na hapo ndipo wazazi wanapoambiwa waache ya nyumbani. Wakiacha, kinachofuata kinajulikana: mama anaongea lugha asiyoimudu, sentensi zinakuwa fupi, zimebaki "njoo", "kaa", "acha", hadithi zinakufa, na mtoto anapoteza lugha nzuri aliyokuwa nayo kabla hajapata nyingine. Hilo la likizo nalo halifanyi kazi. Wiki tatu kwa mwaka zinatosha kuamsha lugha iliyolala, kuijenga haziwezi.

Mleta mada, kunyamaza kwa mtoto wako kuna maelezo. Mtoto anayeingizwa kwenye lugha mpya kwa kawaida hupita kipindi cha kusikiliza tu, na kinaweza kuchukua miezi kadhaa. Cha kumwangalia wakati huu ni vitendo. Je, anafuata maelekezo kwa kutazama wenzake? Anaonyesha kwa kidole? Anacheza karibu na watoto, anaimba nyumbani nyimbo za huko hata kwa maneno ya kubuni? Kama ndiyo, kazi inaendelea kichwani.

Mwalimu mpe vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi yenye maneno kumi ya Kiswahili, yameandikwa kwa matamshi ya lugha yake ili asome tu: maji, choo, naumwa, njaa, nimechoka, mama anakuja, basi, bado, njoo, pole. Mtoto akisikia "mama anakuja" kwa Kiswahili saa nne asubuhi, nusu ya kilio chake imekwisha. Cha pili ni ombi kwamba asimlazimishe kusema mbele ya kundi. Amuulize kwa kuchagua, ashike tofaa na ndizi, mtoto aonyeshe. Maneno yatafuata.

Nyumbani weka Kiswahili mahali pasipohamishika. Kwa familia kama yenu, ambako wazazi wote wawili wanakijua, rahisi kuliko yote ni nyumba nzima iwe ya Kiswahili na nje iwe ya huko. Kugawana, baba hii na mama ile, kunafaa zaidi pale wazazi wanapotofautiana lugha. Kwenu, baba wa zamu hatakuwepo kushika upande wake. Kuogesha, kula na kulala ni nyakati tatu za kila siku, na kila moja ina maneno yake yanayojirudia. Kitabu kimoja kabla ya kulala, hata kama kimeandikwa lugha nyingine, kisimulie kwa Kiswahili ukitazama picha. Akichanganya, "mama, nataka" halafu neno la shule, usimkaripie wala usimrudishe aseme upya. Mjibu kwa sentensi kamili: "Unataka blanketi? Haya, blanketi hili hapa." Kasikia alichokosa, na mazungumzo hayajakatika.

Bibi na babu kwenye simu ya video: dakika tano hadi kumi, kwa saa ile ile, simu ikiwa imesimamishwa usawa wa macho ya mtoto mezani. "Msalimie bibi" humnyamazisha mtoto yeyote. Mpe kazi badala yake. Bibi afiche kitu nyuma ya mgongo mtoto akitaje, au kila mmoja amenye ndizi yake. Angalieni saa za huko kabla ya kupiga, hasa nchi zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka, bibi asije akaamshwa.

Zipo dalili ambazo kweli zinahitaji mtaalamu, na hazihusu idadi ya lugha. Asipobwabwaja kufikia miezi 12, asipokuwa na neno lolote kwenye miezi 18, asipounganisha maneno mawili akifikisha miaka miwili, kwa lugha yoyote ile, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo. Hapo anza na kipimo cha masikio. Anayeongea kama redio nyumbani hayumo.

---

mama_wa_wawili

Asanteni sana, nimeshabandika utepe kwenye chupa. Nesi, naomba mawili ya haraka. Wamenipa matone ya vitamini D kwa ajili ya mdogo, kichupa kingine nilicholetewa na jirani kina maelekezo tofauti. Na ngozi za wote wawili zimekuwa kama mkeka, mkubwa anajikuna mpaka damu.

---

nesi_zamu_ya_usiku

Matone: anayenyonya anahitaji uniti 400 kwa siku, ambazo ndizo mikrogramu 10. Tatizo ni lile lile la chupa za homa. Kuna kichupa ambacho tone moja ndilo uniti 400, na kingine ml 1 nzima ndiyo uniti 400. Ukijaza ml 1 kutoka kile cha tone moja, umempa dozi za wiki kadhaa kwa siku moja. Tumia kimoja tu, cha jirani mrudishie. Tone lidondoshee kwenye chuchu kabla hajanyonya au kwenye kijiko safi, usilihesabu mdomoni mwake. Mkubwa naye muulizie, hasa mkiwa mbali na ikweta: wakati wa baridi jua la huko halina miale ya kutosha kutengeneza vitamini hiyo, ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi, na kumkalisha dirishani hakusaidii kwa sababu kioo kinaizuia miale yenyewe.

Ngozi: vipasha joto vya ndani vinakausha hewa. Kuoga kuwe dakika 5 hadi 10, maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato na iguse kwapa, kinena na miguu tu. Mfute kwa kugusagusa, usisugue, na ndani ya dakika tatu mpake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Yakipakwa kwenye ngozi iliyokwisha kukauka yanakaa juu tu. Losheni nyepesi yenye maji mengi haitoshi kwa msimu huu. Rudia asubuhi kabla ya kutoka, hasa mashavuni. Kucha fupi, na nguo ya sufu isimguse moja kwa moja palipochubuka. Kwenye ngozi yetu pumu ya ngozi haionekani nyekundu. Inakuja kama mabaka ya zambarau au kijivu yenye vipele vidogo, kwa hiyo daktari akisema "sioni wekundu", mwambie apapase. Palipotoa maji au ukoko wa njano paonwe.

Na ujiandae: mtoto akiingia chekechea, mafua mara nane hadi kumi na mbili kwa mwaka ni kawaida. Vituo vingi vinataka akae nyumbani saa 24 baada ya homa kuisha bila dawa na saa 48 baada ya kutapika au kuharisha mara ya mwisho. Ulizeni kanuni yao kwa maandishi na mwajiri wa baba aijue mapema.

---

baba_zamu

La tano naona limerukwa. Usiku mmoja akizidiwa, swali la nani anabaki na mwingine lijibiwe leo mchana, mkiwa mmetulia.

Tafuta watu wawili, siyo mmoja, wanaoweza kufika kwako kwa dakika kumi na tano. Si lazima wawe wa kwenu. Jirani wa ghorofa hiyo hiyo anayekusalimia kwenye ngazi ni bora kuliko rafiki wa moyoni aliye upande wa pili wa jiji. Muombe waziwazi: "Nikikupigia usiku, unaweza kuja kukaa na mmoja mpaka baba arudi?" Wengi wanakubali. Anayesita anakuwa amekusaidia pia, unajua usimtegemee. Mkubwa amzoee mtu huyo mchana kabla ya usiku huo, aje anywe chai mara mbili tatu. Akikataa kila mtu, gari la wagonjwa lichukue wote. Waambie kwenye simu kuwa upo peke yako na watoto wawili ili wajipange.

Mlangoni kwa ndani bandika karatasi, herufi kubwa: namba ya dharura ya nchi hiyo (112 inafanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya, kwingine hakikisha), namba ya kituo cha sumu kama kipo, anwani kamili na ghorofa, namba ya kengele ya mlango wa chini, majina ya watoto na tarehe za kuzaliwa, uzito, mzio, dawa. Chini yake sentensi tatu kwa lugha ya huko zilizoandikwa kama zinavyotamkwa: "Mtoto wangu hapumui vizuri." "Mtoto wangu ana degedege." "Naomba mkalimani wa Kiswahili." Lugha ya kigeni ndiyo ya kwanza kukukimbia ukishikwa na hofu, hata kama kazini unaiongea vizuri. Zisome kwa sauti mara chache.

Begi moja liwe tayari kwenye kulabu: nepi tano, nguo za kubadili za kila mmoja, chaja, kadi za bima, nakala za chanjo, kitu cha kula cha mkubwa.

Degedege la homa: mlaze ubavu sakafuni, usimtie kitu mdomoni, usimshike kwa nguvu, tazama saa. Kwa mara ya kwanza piga dharura moja kwa moja.

Mawili ya nyumba ambayo waliohamia ghorofani wanayasahau. Madirisha yafungwe kizuizi yasifunguke zaidi ya sentimita 10, na kitanda au kochi lisikae chini yake. Kamba za mapazia zifungwe juu. Na umeme ukikatika baridi ikiwa kali, jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kwa dakika chache, wala jiko la gesi lisitumike kupasha chumba moto. Hewa ya sumu inayotoka humo (monoksidi ya kaboni, CO) haina harufu, na mdogo ndiye anayeanza kulegea kabla yenu. Funga king'ora chake karibu na vyumba vya kulala na ukibonyeze kila mwezi.

---

mama_wa_wawili

Jirani wa chini amekubali. Swali dogo: ufunguo nimpe kabisa au niuache mahali?

---

baba_zamu

Mpe mkononi. Chini ya zulia la mlangoni pia ni mahali pa mwizi. Na ukilala usiache ufunguo wako kwenye kitasa kwa ndani. Vitasa vingi vikiwa na ufunguo upande mmoja, wa nje hauingii, na yeye atakuwa amesimama hapo nje na ufunguo wake usiofungua. Utundike kwenye kulabu juu, karibu na lile begi, mkubwa asipofikia.